Mchango wa Hanga kwa Mama Aliye Hai

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu waliolisema bado wako hai, wengine tunaamkiana kila siku, na ningependa wajue kwamba sijasahau neno hata moja.

Nilipokwenda kusomea ufundi wa majokofu na viyoyozi, walisema mtoto wa kijijini kwetu Jilore hamalizi diploma, kabla ya muhula wa pili atakuwa amerudi kupalilia mahindi. Nilimaliza. Nilikaa chumba kimoja mtaa wa Kisumu Ndogo, nikila mara moja kwa siku, na diploma ile leo iko ukutani ndani ya fremu, anayetaka aje asome. Nilipopata kazi Uarabuni, walisema nitarudishwa ndani ya sanduku. Nilikaa miaka sita nikarudi kwa miguu yangu, na masanduku niliyokuja nayo yalijaa vifaa vya kazi. Nikajenga nyumba ya mawe mahali ambapo baba alituachia ya udongo. Siku hizi viyoyozi vikigoma katika hoteli za Kikambala, mameneja wananipigia simu mimi, na wananingoja.

Lakini neno lililoniingia zaidi lilisemwa mama alipovunjika nyonga. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alisimama uani kwangu mbele ya majirani akasema, "Huyu hatamtoa dada yangu hospitali bila kuuza shamba. Na akikopa, halipi. Siku atakayomlipa kila mtu, mimi nitajifunga leso ya dada yangu kiunoni nitembee nayo hadi dukani."

Watu walicheka. Mimi niliiweka akilini leso ile, kanga ya mama.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nalisema mwenyewe kabla hajalisema mwingine. Nyumba yangu niliitia vigae kila mahali, hadi barazani, vigae vya kung'aa nilivyovitoa Mombasa. Mama alikuwa amekanyaga sakafu ya udongo maisha yake yote, sakafu aliyoikandika kwa mikono yake. Aliniomba baraza niiache na saruji tu. Nikamwambia saruji ni ya watu wasiokwenda mahali. Asubuhi moja aliimwagia baraza maji ya sabuni ili aisugue, akateleza, na nilipofika alikuwa amekaa chini ameshika paja. Mguu mmoja ulikuwa umekuwa mfupi kuliko mwingine.

Mjomba alitaka apelekwe kwa mganga wa mifupa ng'ambo ya mto, mzee anayefunga mikono ya watoto walioanguka minazini. Kwa mikono ya watoto simdharau. Lakini nyonga ya mwanamke wa miaka sabini haifungwi kwa vijiti na mafuta ya nyonyo. Wauguzi wa serikali walikuwa katika mgomo wiki zile, kwa hiyo nilimpeleka hospitali moja ya watu binafsi, ambayo sitaitaja. Daktari wa mifupa alinionyesha picha, akaniambia fupa la juu ya paja limekatika shingoni, halitaunga lenyewe, linahitaji chuma. Akasema kila siku mama anayolala chali inamletea vidonda mgongoni na maji kifuani, na wagonjwa wa namna yake hawafi kwa nyonga, wanakufa kwa kulala. Alitaka kumpasua ndani ya wiki.

Kisha nikapelekwa kwa mhasibu. Huyu alitaka laki mbili kabla mama hajaingizwa chumba cha upasuaji. Aliniuliza kama mgonjwa ana bima. Nikasema hana.

Hapa pia sijifichi. Miezi michache kabla ya hapo walipita watu sokoni wakiandikisha bima ya afya ya serikali. Mama alitaka kwenda. Nilimwambia vile ni vitu vya maskini, yeye ana mtoto aliyetoka Uarabuni, akiugua nitalipa taslimu. Taslimu yenyewe ilikuwa imelala ukutani, kwenye mabati na vigae. Benki nilikuwa na pesa zisizofika theluthi ya alichotaka yule mhasibu.

"Basi hati ya shamba unayo?" akaniuliza, bila kuinua macho, kama anayeuliza kundi la damu.

Nilikumbuka kule Uarabuni. Nilishikwa na mawe ya figo kazini, juu ya paa la jengo, nikajiviringisha kama mtoto. Walinipeleka hospitali. Nilitoa kadi nyembamba mfukoni, mtu akaisoma kwenye mashine, nikalazwa, nikatibiwa, na siku ya tatu nikatembea nikatoka mlangoni. Hakuna aliyeniuliza baba yangu aliacha ekari ngapi. Na nchi ile haikunipenda, tusidanganyane. Nilikuwa mgeni wa kufunga viyoyozi, mwajiri wangu alikatazwa na sheria kuniajiri bila kunilipia bima, basi. Hakuna aliyenihurumia. Kulikuwa na utaratibu, na utaratibu ule haukujali kama nina mjomba mwenye ng'ombe au sina. Huku kwetu huruma tunayo tele. Tunalia vizuri, tunaomba vizuri, tunaimba vizuri. Utaratibu ndio hatuna.

Nilianza kukopa. Nilipita nyumba kwa nyumba siku mbili, mtu mwenye diploma, na viatu vyangu vizuri vimejaa vumbi. Kila mahali niliambiwa pole. Mmoja ana karo, mwingine mahindi yamekauka, wa tatu atamtia mama katika maombi ya Jumatano. Mjomba alinipokea zizini, akaegemea fahali wake mwekundu, mnyama ambaye amemnenepesha kwa jina la mama kwa miaka. Kila mtu Jilore anajua fahali yule ni wa kuchinjwa siku ya hanga ya mama, yaani matanga yake. Mjomba alikuwa akimtaja kwa fahari kanisani na kwenye pombe ya mnazi vilevile. Nilimwomba amuuze. Akaniuliza kama nimerukwa na akili, nataka dada yake azikwe kwa kuku.

Nilirudi wodini nikamweleza mama, mmoja baada ya mwingine, nani kasema nini. Mama huniita baba, kwa sababu nilipewa jina la baba yake.

"Baba," akasema, "hizo pesa wanazo. Waambie nimekufa, utaona."

Alicheka, kicheko kikampiga nyongani, akafumba macho. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kufikiri.

Kwa asiyejua watu wetu, hanga haikataliwi. Mtu akifa, kamati inakaa siku hiyohiyo, mwenyekiti anafungua daftari, na kila boma linaandikiwa lilichotoa. Linaandikwa kwa sababu siku yako ikifika utarudishiwa kwa kiasi kilekile, na usipotoa utalala peke yako na maiti wako. Kwa hiyo pesa ambazo hazikuwepo Jumatatu kwa ajili ya sindano, Jumanne zinakuwepo kwa ajili ya turubai, sufuria, muziki na mchele wa watu mia tatu. Mheshimiwa naye anafika na gari tatu, anatoa bahasha mbele ya vipaza sauti, anasema marehemu alikuwa mama wa wote. Nimeishi hapa utotoni na ukubwani, sijaona mheshimiwa wodini akiuliza mama wa wote anahitaji chuma cha ukubwa gani.

Kusema uongo kwamba mama amekufa nisingeweza. Lakini kuomba mapema, nani alikataza?

Nilimwendea mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, jirani yetu wa upande wa juu. Alikuwa barazani kwake anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama vipi?"

"Nimekuja kuchukua mchango wa hanga yake."

Gunzi likamtoka mkononi. "Amefariki saa ngapi?"

"Hajafariki. Nataka sasa kile utakachotoa akifariki. Akifa, wewe umeshatoa, sitakugongea tena mlango. Akipona, nakurudishia yote. Vyovyote vile hupotezi."

Alinitazama kama nimevua nguo. Akasema jambo hili halijawahi kufanywa Jilore. Nikamwambia hata kiyoyozi hakikuwahi kufungwa Jilore kabla yangu. Akasema nitamwitia mama kifo. Nikamwambia kifo kimeshaitwa, kimekaa kitandani naye, mimi najaribu kukifukuza, na yeye asitafute pa kujificha.

Mwalimu ni mtu wa hesabu. Aliipiga hesabu kichwani, nikaona imemkubali. Aliingia ndani akatoka na daftari lenyewe, lile jeusi la hanga, akafungua ukurasa mpya. Kilichomshinda ni kichwa cha ukurasa. Hakutaka kuandika marehemu, na hakuwahi kuandika kitu kingine pale. Mwishowe aliandika "Mama fulani, bado," akapiga mstari, akajiandika yeye wa kwanza.

Baada ya hapo daftari lilifanya kazi ambayo machozi yangu yasingeweza. Lilipita bomani na Mwalimu mwenyewe, na watu waliliogopa kama walivyoliogopa siku zote. Walinung'unika, walitema mate chini, mwanamke mmoja aliziba masikio ya wajukuu zake. Lakini walitoa. Yule aliyekuwa na karo alitoa. Yule ambaye mahindi yake yalikauka alitoa kuliko wote, akataka asomewe ili ahakikishe imeandikwa. Niliwashukuru kwa mdomo. Moyoni niliwadharau, na hata leo sijamaliza. Pesa ya kunizikia mama waliiweka tayari, ya kumponya ilibidi niivalishe sanda kwanza.

Mjini Malindi nilikwenda kwa mzee wa duka la vipuri ninakonunua gesi na kompresa, Mhindi aliyezaliwa papa hapa na anayenishinda Kiswahili. Yeye si wa hanga zetu. Nilimweleza mpango, akavua miwani.

"Fundi, kwetu mtu akifa asubuhi, jioni tumemaliza," akasema. "Hamna hanga, hamna daftari. Kwa hivyo usije ukaniambia utanilipa siku yangu. Nilipe ningali naona."

Akafungua droo. Alinipa kuliko nilichoomba, halafu akanipunguzia heshima kwa kunihesabia mara mbili.

Bado pesa hazikutosha, na siku ya tano ilikuwa imefika. Daktari aliniambia kifua cha mama kimeanza kukoroma. Kilichobaki kilikuwa kinatembea zizini kwa mjomba kwa miguu minne. Sikwenda kumbembeleza tena. Nilimpigia simu nikiwa wodini, nikafungua spika, nikamshikia mama simu. Sauti yake ilikuwa imepungua, lakini maneno yalitoka mazima.

"Kaka, yule ng'ombe ni wako au ni wangu?"

Mjomba akasema ni wa dada yake, kila mtu anajua.

"Basi kama ni wangu, namtaka ningali na meno. Nikishakufa watakula wengine na mimi sitaonja. Muuze."

Nilimsikia mjomba akipumua, nikasikia na fahali mwenyewe nyuma yake. Kisha akakata simu. Kesho yake asubuhi mnunuzi wa mifugo alinitumia pesa kwa simu, pamoja na ujumbe wa mjomba uliosema ameuza, ila leso iko palepale.

Mama alipasuliwa mchana ule. Alitiwa chuma, na siku ya pili walimsimamisha.

Kulikuwa na mwanamke mmoja pale hospitalini ambaye bado simsahau. Alikuwa mkulima wa huku bara, aliletwa kwa tumbo, alipasuliwa na akapona, wiki nyingi kabla yetu. Hakuwa na wa kumlipia kilichobaki, basi hawakumruhusu kutoka. Alilala kwenye godoro pembeni mwa wodi. Alikuwa mzima kuliko sisi wote. Aliwalisha wagonjwa wasioweza kushika kijiko, alimgeuza mama yangu ili asitoke vidonda, alijua nani hunywa dawa saa ngapi. Nyumbani alikuwa na watoto wanne na shamba lililokuwa linaota magugu. Mtu mzima mwenye nguvu, amewekwa kama redio kwa mtu wa rehani.

Siku tuliyoruhusiwa alitubebea mfuko wa mama hadi langoni. Mlinzi alinyoosha mkono, si kwa ukali, akamzuia hapo kama aliyezoea. Mwanamke akanikabidhi mfuko, akamwambia mama, "Usikanyage maji," akarudi ndani. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na gari, na sikuwa na kitu cha kumfanyia.

Ndiyo maana wanaponiambia bima ya afya kwa wote ni ndoto ya wavivu, huwa nawaomba wakae chini tuhesabu taratibu. Kama mwanamke yule na mama wangekuwa na kadi kama ile yangu ya Uarabuni, mwanamke angelala siku tano na kurudi kwa watoto wake. Mjomba angebaki na fahali. Mwalimu asingechafua ukurasa. Mimi nisingekwenda kutembeza kifo cha mama kama muuza samaki. Na mama angepasuliwa siku ya kwanza, si ya sita. Mvivu yuko wapi hapo? Na nasema kwa wote, si kwa wanaokumbuka kujiandikisha. Ukiiacha iwe ya hiari, wenye kiburi kama mimi watajiona hawahitaji na wasio na kitu watajiona hawafiki, na wote wawili watakutana mbele ya mhasibu yule. Mwenye nacho akatwe, asiye nacho alipiwe, na kadi isomwe kabla ya jina. Daftari letu la hanga limefanya hivyo miaka yote: kila boma linatoa, hakuna anayekataa, na zamu ikifika unapata. Tuna bima ya wote tayari. Ila inaanza kulipa mwili ukishapoa.

Nililipa kwa miezi minane. Ilikuwa miezi ya joto, hoteli zimejaa, na nilifanya kazi ambazo mafundi wengine walizikimbia, juu ya mapaa ya bati mchana kweupe. Gari nililiuza, mnunuzi alipopatikana. Baraza niliing'oa vigae kwa nyundo, kimoja kimoja, nikaimwagia saruji ya kukwaruza, na mama akakaa mlangoni akinielekeza mahali nilipokosea. Nilimwandikisha bima nikamlipia mwaka mzima, na mimi pia.

Kisha nikawaita wote Jumamosi moja, saa nne asubuhi. Turubai nililikodi lilelile la kamati, na wali tukapika katika sufuria zilezile za hanga, kwa makusudi. Wengine waliingia uani wakishusha sauti, kwa mazoea, hadi walipomwona mama amekaa kwenye kiti mbele, na fimbo yake, na leso mbili mpya, moja kiunoni, moja mabegani. Mzee wa duka la vipuri alikuja kutoka Malindi kwa gari lake, akakaa mstari wa mbele.

Mwalimu alifungua daftari jeusi akasoma. Kila aliyesomwa alikwenda mbele, na mama alimpa bahasha yake kwa mkono wake mwenyewe. Mama alimwambia kila mmoja neno lilelile, kwa upole: "Chukua mchango wako. Nimechelewa kidogo kufa." Wengine walicheka, wengine hawakujua watazame wapi. Aliyekuwa na mahindi makavu alihesabu palepale. Mzee wa duka hakuhesabu. Alimwambia mama, "Dada, hii ndiyo hanga ya kwanza nimekula na mwenye hanga," akarudi kukaa.

Mjomba alisomwa wa mwisho. Hakuinuka. Alisema yeye hakutoa pesa, alitoa ng'ombe, na bahasha haili majani. Nilikuwa nangoja aseme hivyo. Nilimwashiria dereva wa pikapu aliyesimama nje ya ua, akateremsha fahali mwekundu, mkubwa kuliko yule wa kwanza, nimemnunua mnadani mimi mwenyewe. Mjomba alimzunguka mara mbili. Alimfungua mdomo akatazama meno. Alimpapasa mgongo akitafuta kasoro, kwa muda mrefu, na watu wote wakimtazama.

"Ni mzuri," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Mama aliiondoa leso ya mabegani, akaikunja mara moja, akamnyooshea.

"Huyu wa sasa usimwandikie jina langu, kaka," akasema. "Mpe jina lako. Tutaona nani atamla mwenzake."

Mwalimu alipiga mstari mwekundu chini ya ukurasa, akalifunga daftari. Mjomba aliipokea leso. Aliitazama, akanitazama mimi. Akajifunga kiunoni, fundo upande wa kushoto kama wanawake wanavyofunga, akashika kamba ya fahali, akatoka uani akielekea dukani.